Kupima na Kurekodi Tabia ya Mtoto Kabla Hujaanza Kuirekebisha: Mwongozo Kamili kwa Walimu na Wazazi

Mpango wa kurekebisha tabia ya mtoto, uwe wa nyota, wa pongezi au wa kuongezewa muda wa kucheza, mara nyingi hufa kifo kile kile. Wiki ya kwanza kila mtu ana ari. Wiki ya tatu mwalimu anasema mtoto amebadilika, mama yake anasema ni yule yule, na hakuna aliye na karatasi ya kumaliza ubishi. Mpango unaachwa na lawama anabebeshwa mtoto.

Kilichokosekana ni hesabu. Pengine haikuwepo kabisa, pengine ilianza wakati mpango umeshaanza, au ilijaribu kuhesabu kitu kisichohesabika, kama "utundu". Mwongozo huu unashughulika na hesabu hiyo peke yake. Zawadi gani itolewe na kwa utaratibu gani ni somo jingine.

Mfano nitakaorudi kwake ni mwanafunzi wa darasa la nne, kwenye darasa la watoto 60 wanaokaa watatu watatu kwenye dawati, ambaye walimu wake wanasema "hatulii". Namba zake zote ni za kufundishia. Pale inapofaa nitaingia nyumbani pia.

## Vitu vya kuandaa

- Daftari dogo linaloingia mfukoni, na kalamu.
- Daftari la miraba, lile la hesabu, kwa ajili ya grafu.
- Simu yenye saa ya kuhesabu sekunde na kengele inayoweza kutetema bila kulia.
- Kitu cha kuhesabia bila kuandika. Tasbihi ya kidijitali ya kuvaa kidoleni inafaa sana: unabonyeza kwa kidole gumba huku unaendelea kufundisha. Usipokuwa nayo, tia punje za mahindi kwenye mfuko wa kulia, na kila tabia inapotokea hamisha punje moja kwenda mfuko wa kushoto.
- Mtu wa pili wa kuhesabu nawe angalau mara mbili: mwalimu mwenzako, mwanachuo wa ualimu aliye kwenye mazoezi ya kufundisha, bibi, au dada wa kazi.
- Ruhusa. Mwalimu azungumze na mzazi au mlezi kwanza, na mwalimu mkuu ajue. Kwenye daftari usiandike jina la mtoto, tumia alama kama "M1". Karatasi hii haibandikwi ukutani wala haisomwi mbele ya darasa.

## Hatua ya 1: Chagua tabia moja

Walimu huja na orodha: hatulii, anachokoza wenzake, hamalizi kazi, anajibu jeuri. Chagua moja. Ukihesabu nne kwa pamoja huku unafundisha watoto 60, siku ya tatu utakuwa unakisia zote nne.

Ukipata shida kuchagua, anza na inayoumiza mwili, yake au wa wenzake. Ifuatie inayomzuia kujifunza, kisha inayowasumbua wengine. Inayokukera wewe tu iwe ya mwisho, na pengine haihitaji mpango wowote.

Tahadhari mbili. Kama mtoto anajiumiza au anaumiza wengine vibaya, usikae pembeni na kalamu ukingoja data. Linda usalama kwanza, andika baadaye, na tafuta mtaalamu. Pia, kama tabia imeibuka ghafla kwa mtoto aliyekuwa mtulivu, angalia afya na mazingira kabla ya kitu kingine: macho, masikio, usingizi, njaa, msiba, au mtu anayemdhuru. Mtoto asiyeona ubao atainuka kwenye dawati kila siku, na hakuna nyota itakayomkalisha.

## Hatua ya 2: Andika maana ya tabia hadi mgeni aweze kuihesabu

Hapa ndipo wengi wanapoangukia, kwa hiyo usiharakishe.

"Hatulii" ni hukumu. Mwalimu wa hisabati akisema hivyo anamaanisha kutembea darasani, wa Kiswahili anamaanisha kuongea, na mama yake anamaanisha kuchezesha miguu wakati wa kula. Watatu hawa wakihesabu "kutotulia" watapata namba tatu tofauti, na zote zitakuwa kweli kwa namna yake.

Badilisha neno la hukumu kuwa kitu ambacho jicho linaona au sikio linasikia. Kwa mtoto wetu, tabia lengwa inaandikwa hivi:

> Kutoka kwenye dawati: makalio yameachana na benchi kwa sekunde mbili au zaidi, bila ruhusa ya mwalimu.
>
> Inahesabiwa: kusimama, kutembea, kupiga magoti juu ya benchi, kukaa juu ya meza ya dawati.
>
> Haihesabiwi: kusimama kujibu swali, kwenda ubaoni alipoitwa, kusimama kumpisha mwenzake aliye ndani ya dawati atoke.
>
> Mara moja inaisha makalio yanaporudi kwenye benchi. Akiinuka tena, hiyo ni mara mpya.

Tazama kipengele cha kumpisha mwenzake. Kwenye dawati la watoto watatu, aliye pembezoni huinuka kila wa katikati anapokwenda nje. Usipoiandika hiyo mapema, mtoto atahesabiwa makosa ya watu wawili, na hutajua kwa nini namba zinapanda siku zenye joto ambapo kila mtu anaomba kwenda kunywa maji.

Pitisha maana yako kwenye majaribio mawili.

*Jaribio la maiti.* Kama maiti anaweza kufanya unachokihesabu, hiyo si tabia. "Kutopiga kelele", "kutopigana", "kukaa kimya": maiti anashinda zote. Kwa hiyo, unapotaka kupima upande mzuri, tafuta kitendo: anaandika kazi iliyo ubaoni, ananyoosha mkono, anaomba kalamu kwa maneno.

*Jaribio la mgeni.* Mpe maelezo yako mtu asiyemjua mtoto. Hesabuni pamoja kwa dakika kumi bila kuoneshana, kisha linganisheni.

Utajua umefaulu namba zenu zikikaribiana na pasiwe na swali la "hii nayo niihesabu?" Swali hilo likitokea, jibu lake linaingia kwenye orodha ya inayohesabiwa au isiyohesabiwa, na mnajaribu tena.

Kazi moja ya ziada hapa, na usiiruke: andika pia maana ya tabia unayotaka ichukue nafasi ya hiyo mbaya. Mpango unaopima kosa peke yake humfundisha mwalimu kutazama kosa peke yake.

## Hatua ya 3: Andika kinachotangulia na kinachofuata

Kwa siku mbili au tatu usihesabu kwanza. Chora safu nne: saa, kilichotangulia, alichofanya, kilichofuata. Kila tabia inapotokea, jaza mstari. Mfano:

- Saa 2:50. Kilichotangulia: mwalimu anageukia ubao kuandika maswali ya kugawanya. Alichofanya: anatoka kwenye dawati, anakwenda dirishani. Kilichofuata: mwalimu anaita, "Wewe, rudi!" Darasa linacheka.
- Saa 3:05. Kilichotangulia: watoto wanaambiwa waanze swali la kwanza. Alichofanya: anainuka, anamnyang'anya jirani rula. Kilichofuata: anatolewa nje hadi kipindi kiishe. Hakuandika swali hata moja.
- Saa 4:40. Kusoma hadithi kwa sauti, kwa zamu. Hakutoka kwenye dawati kipindi chote.

Andika ulichokiona, acha alichokusudia. "Alitaka kunichokoza" haionekani kwa macho. "Alinitazama, akacheka, akainuka" inaonekana.

Soma safu ya mwisho polepole, kwa sababu mara nyingi anayeonekana mle ni wewe mwenyewe. Mtoto anayeinuka na kupata macho ya watoto 59 pamoja na sauti ya mwalimu amelipwa. Mtoto anayetolewa nje wakati wa kugawanya naye amelipwa, kwa sarafu nyingine: amekwepa kugawanya. Walimu wengi hushtuka kukuta adhabu waliyoitegemea ndiyo inayoilisha tabia.

Kwa kawaida utaona moja au zaidi kati ya haya: anapata macho ya watu, anakwepa kazi au mahali, anapata kitu anachokitaka, au mwili wenyewe unafurahia kitendo bila kujali nani yupo.

Tahadhari: vitu viwili kufuatana hakuthibitishi kwamba kimoja kinasababisha kingine. Hiki ni kisio. Utakijaribu ukishaanza mpango, na namba ndizo zitakazosema kama ulikisia vizuri.

## Hatua ya 4: Chagua kipimo kinacholingana na tabia

Ukikosea kipimo utapata namba safi zisizo na maana. Jiulize tatizo ni nini hasa: inajirudia mno, inachukua muda mrefu, inachelewa kuanza, au ina nguvu kupita kiasi?

Idadi ya mara. Inafaa tabia yenye mwanzo na mwisho unaoonekana, na ambayo kila mara huchukua muda unaokaribiana. Kutoka kwenye dawati, kupiga, kutukana. Sharti lake ni moja: andika na dakika ulizotazama. Chukua mtoto wetu. Jumatatu alitoka mara 12 katika kipindi cha dakika 40. Jumanne mara 9, lakini kipindi kilikatwa na mkutano wa shule kikabaki dakika 25. Kwa macho, Jumanne ni nafuu. Gawanya: Jumatatu ni mara 0.30 kwa dakika, Jumanne ni 0.36. Jumanne ilikuwa mbaya zaidi. Kama muda wa kutazama haulingani kila siku, kinachoingia kwenye grafu ni hii kasi kwa dakika.

Muda. Kwa kilio, kununa, kukaa na simu, au kubaki kwenye kazi. Kilio kimoja cha dakika 25 kikihesabiwa "mara moja" kitaonekana kidogo kuliko vilio vitano vya nusu dakika. Andika saa ya kuanza na saa ya kuisha, kisha jumlisha.

Uchelewaji. Muda kati ya agizo na mtoto kuanza. Hiki ndicho kipimo cha nyumbani hasa: "Nenda kaoge", "Chukua daftari". Saa inaanza unapomaliza kusema agizo la *kwanza*. Wazazi wengi huanzisha saa kwenye agizo la saba, lile la kupaza sauti, kisha wanashangaa namba inasema mtoto ni mtiifu.

Kilichobaki. Tabia nyingine huacha alama: maswali yaliyojibiwa daftarini, shuka lililolowa asubuhi, vitabu vilivyochanika. Huhitaji kuwepo ikitokea, unahesabu baadaye kwa utulivu, na mtu mwingine anaweza kuhakiki. Tabia yako ikiwa na alama ya namna hii, tumia hiyo. Hakikisha tu alama ni ya mtoto huyo, maana madaftari hunakiliwa.

Nguvu. Kwa sauti, hasira na mengineyo ambapo ukubwa ndio tatizo. Tengeneza ngazi zenye maelezo, usiandike "ndogo, ya kati, kubwa". Mfano wa sauti: 1, inasikika kwenye dawati lake, 2, inasikika madawati ya jirani, 3, darasa zima, 4, darasa la jirani wanageuka.

Vipande vya muda. Tabia nyingine ni za haraka mno au hazina mwanzo dhahiri: kuchezesha vidole, kuongea chini chini, kuzubaa. Hapo gawanya muda katika vipande vidogo vinavyolingana, tuseme dakika 20 katika vipande 40 vya sekunde 30, na kwa kila kipande weka alama ya ndiyo au hapana. Vipande 14 vyenye alama ni 14 kwa 40, yaani asilimia 35 *ya vipande*. Usiandike "asilimia 35 ya muda", kwa sababu sivyo. Kuna namna tatu za kuweka alama, na kila moja ina upindaji wake, yaani namna inavyoipotosha hesabu:

- Weka alama kama tabia ilitokea hata kidogo ndani ya kipande. Kwa kawaida inakuza tabia, maana sekunde moja inahesabiwa sawa na thelathini. Inafaa kwa tabia unayotaka ipungue.
- Weka alama kama tabia ilijaza kipande chote. Inapunguza, maana sekunde 29 za kazi nzuri zinakuwa sifuri. Inafaa kwa tabia unayotaka iongezeke, kama kubaki kwenye kazi.
- Tazama pale simu inapotetema tu, mwisho wa kipande, uweke alama ya anachofanya sekunde hiyo. Hii ndiyo inayowezekana kwa mwalimu anayefundisha, kwa kuwa kati ya mitetemo uko huru. Haifai kwa tabia adimu au fupi sana, utazikosa karibu zote.

Chagua moja ubaki nayo. Ukihama katikati, mabadiliko ya grafu yatakuwa ya kipimo na wala si ya mtoto.

Kwa darasa zima lililozama kwenye kelele kuna njia rahisi: kila dakika tano inua kichwa, hesabu wanaofanya kazi, gawanya kwa waliopo. Wanaoandika 42 kati ya 60 ni asilimia 70. Ninaipenda kwa madarasa makubwa kwa sababu huonesha upesi kama tatizo ni mtoto mmoja au ni kipindi chenyewe.

## Hatua ya 5: Amua saa, mahali na nani anatazama

Usijaribu kutazama siku nzima. Dakika 20 zile zile kila siku, kwenye kipindi ambacho safu zako za hatua ya 3 zinaonesha tabia hutokea, zitakupa picha ya kweli kuliko siku nzima ya kubahatisha.

Kwa mtoto wetu ni hisabati, saa 2:50 hadi 3:10, Jumatatu hadi Ijumaa. Ukiweza, ongeza kipindi kimoja ambacho hana shida, kama kusoma hadithi, mara moja kwa wiki. Kitakusaidia baadaye.

Mtu akijua anatazamwa hubadilika. Mgeni akiingia darasani na daftari, siku ya kwanza watoto wote ni malaika. Kwa hiyo mtazamaji aanze kukaa darasani siku kadhaa kabla ya kuhesabu, nyuma au pembeni, asimkodolee macho mtoto mmoja, na asimtabasamie wala kumkemea. Mwalimu mwenyewe akihesabu kwa tasbihi au punje za mahindi, tatizo hili hupungua sana.

## Hatua ya 6: Tengeneza karatasi

Karatasi moja kwa wiki. Juu: alama ya mtoto, maana ya tabia kwa maneno mafupi, jina la mtazamaji. Chini, mstari kwa kila siku: tarehe, saa ya kuanza, saa ya kuisha, dakika, idadi, kasi, na nafasi ya maelezo. Kwenye idadi piga vijiti vinne na cha tano kikivikata, kama watoto wanavyofundishwa.

Usiache nafasi ya maelezo tupu. "Mvua, hakuna uji leo." "Mwalimu mgeni." "Alichelewa, alipanda daladala ya pili." Siku namba ikiruka utaitafuta sababu hapo.

Siku ambayo hukutazama, andika "haikupimwa". Usiandike sifuri. Sifuri maana yake ulitazama na tabia haikutokea.

Jaza pale pale. Karatasi inayojazwa jioni nyumbani hujazwa na hisia: kama mtoto alikuudhi mwisho wa siku, siku nzima itaonekana mbaya.

## Hatua ya 7: Chukua kipimo cha awali bila kubadilisha chochote

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote. Mwalimu amejua tatizo, ana zawadi mkononi, mama wa mtoto anauliza mtaanza lini. Anaanza. Ni kama kumeza dawa ya malaria bila kupima: homa ikishuka hutajua ilikuwa nini, na isiposhuka hutajua ubadilishe nini.

Wakati wa kipimo cha awali fanya yale yale uliyokuwa ukifanya. Kama ulikuwa ukikemea, endelea vile vile. (Isipokuwa kama ulikuwa ukichapa. Hicho acha leo, andika tarehe uliyoacha, na anza kuhesabu upya.)

Chukua siku tatu kwa uchache kabisa; tano ni bora. Mtoto wetu, kwa kipindi cha dakika 20: 7, 6, 8, 6, 7. Wastani ni 6.8, na namba hazipandi wala hazishuki kwa mwelekeo mmoja. Sasa unaweza kuanza.

Namba zikiwa zinaruka, kama 2, 11, 4, 9, endelea siku chache zaidi huku ukisoma safu ya maelezo. Huenda kuna mambo mawili yamechanganyika: siku za mtihani na siku za kawaida, siku alizokula na siku hakula.

Namba zikiwa zinashuka zenyewe, ngoja. Ukianza mpango hapo utajipa sifa isiyo yako. Zikiwa zinapanda kila siku, unaweza kuanza, kwa kuwa zikigeuka na kushuka mabadiliko yataonekana wazi.

## Hatua ya 8: Hakiki na mtu wa pili

Angalau mara moja wakati wa kipimo cha awali na mara moja mpango ukishaanza, mtu wa pili ahesabu muda ule ule, mbali nawe, bila kuona karatasi yako.

Kwa idadi: gawanya namba ndogo kwa kubwa, zidisha kwa 100. Wewe 6, yeye 7: asilimia 86. Kwa vipande vya muda: linganisheni kipande kwa kipande, gawanya vile mlivyokubaliana kwa vipande vyote. Asilimia 80 ndicho kiwango cha chini kinachokubalika kwa kawaida, na 90 ndiyo ya kutamani.

Mkishuka chini ya 80 msigombane juu ya nani aliona vizuri. Rudini hatua ya 2, maana ya tabia ina tundu mahali.

Kuna mtego kwenye idadi. Wewe unaweza kuona 6 za mwanzo wa kipindi, yeye 6 za mwisho, mkapata asilimia 100 bila kukubaliana hata mara moja. Ukitilia shaka, gawanyeni dakika 20 katika vipande vinne vya dakika tano mlinganishe kila kimoja.

Sababu nyingine ya mtu wa pili ni wewe mwenyewe. Wiki zinavyopita jicho hulegea: kuinuka nusu ambako mwanzoni ulikuhesabu, sasa unakuachia kwa kuwa unataka mpango ufaulu. Hutajiona ukifanya hivyo. Mwenzako ataona.

## Hatua ya 9: Chora grafu siku ile ile

Kwenye daftari la miraba, mstari wa chini ni siku, mstari wa kusimama ni idadi au kasi. Weka nukta kila siku, unganisha kwa rula. Siku ya kuanza mpango piga mstari wa kusimama wa nukta nukta, na usiunganishe nukta zinazovuka mstari huo. Upande wa kushoto andika "kabla", kulia "mpango". Siku ambayo haikupimwa iache wazi.

Grafu inachorwa kwa dakika moja, na ndiyo inayomwonesha mzazi asiyependa maneno mengi. Keti naye, funika upande wa kulia kwa kiganja, mwoneshe "kabla", kisha ondoa mkono. Mazungumzo ya "ni yule yule tu" huisha hapo, au huthibitika hapo, na yote mawili ni faida.

## Hatua ya 10: Endelea kupima mpango ukiendelea

Usibadilishe maana, saa, wala kipimo. Jambo pekee linalobadilika ni mpango.

Ongeza hesabu moja fupi: yako. Kama mpango unasema utampongeza mtoto kila anapokaa akiandika kwa dakika tano, hesabu pongezi zako. Ikiwa ulipaswa kutoa nne na ulitoa moja, huna haki ya kusema mpango umeshindwa. Haukujaribiwa.

Ukiacha kuijibu tabia iliyokuwa ikilishwa na macho yako, usishangae ikipanda kabla ya kushuka. Mtoto wetu aliyekuwa na 7 anaweza kufika 11 siku ya pili. Wengi hukata tamaa papo hapo, wanamkemea, na kumfundisha kwamba 11 ndiyo bei mpya. Shikilia, isipokuwa kama kuna hatari ya mtu kuumia; hapo tumia njia nyingine.

Soma grafu kila baada ya siku tano, usiisome kila siku kwa moyo. Angalia mambo matatu: kiwango kimeshuka kiasi gani ukilinganisha na wastani wa 6.8; mwelekeo unakwenda wapi; namba zinarukaruka au zimetulia. Kama baada ya wiki mbili za pongezi zilizotolewa kweli grafu bado iko kwenye 6 na 7, kisio chako cha hatua ya 3 huenda si sahihi. Labda mtoto hatafuti macho, anakwepa kugawanya. Hapo kile kipindi cha hadithi kinakusaidia: kama kule hainuki kamwe, dawa ni kumfundisha kugawanya, na pongezi peke yake hazitatosha.

Mtoto wa umri huu anaweza pia kuweka alama zake mwenyewe kwenye kadi ndogo, ndani ya daftari lake. Mara nyingi kujihesabu peke yake hupunguza tabia. Linganisha kadi yake na hesabu yako mara chache kwa wiki, na msifu kwa kuweka alama kwa ukweli, hata siku ambayo alama ni nyingi.

## Hatua ya 11: Punguza upimaji kwa ngazi

Weka shabaha kabla, kwa namba: tuseme mara 2 au chini kwa dakika 20, siku tano mfululizo. Sifuri usiiweke, watoto wenzake wasio na tatizo lolote nao huinuka. Kama huna uhakika wa namba ya haki, mhesabu mtoto wa kawaida wa dawati la jirani kwa siku mbili, upate kipimo cha darasa lako.

Shabaha ikifikiwa, pima mara mbili kwa wiki, kisha mara moja, kisha mara moja kwa mwezi. Pima pia na mwalimu mwingine na somo jingine, kwa kuwa tabia iliyotulia kwenye hisabati inaweza kuwa vile vile kama zamani saa ya sayansi. Panga kipimo kimoja wiki ya kwanza baada ya likizo, saa ile ile, kwa karatasi ile ile, na grafu iendelee kwenye ukurasa ule ule ili mwalimu wa darasa la tano akimpokea mtoto, akute mstari wote tangu siku ya kwanza.